Seli Shina na Maumivu Yanayoitwa Chango

Endometriosisi ni maradhi ambamo tishu inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko huo, aghalabu kwenye ovari na kwenye ngozi laini inayofunika viungo vya tumbo, na kwa kuwa tishu hiyo huitikia homoni ya estrojeni kama utando wenyewe, huvimba, huvuja damu na kuacha makovu yanayonatisha viungo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa maradhi haya huwapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani watu wapatao milioni 190. Makala hii inashughulikia chanzo chake, kwa sababu jamii humsikiliza mgonjwa, au humpuuza, kwa kadiri inavyouelewa ugonjwa wake.

Maelezo yaliyotawala kwa karibu karne nzima ni ya daktari Mmarekani John Sampson, aliyeandika mwaka 1927 kwamba sehemu ya damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi na kumwaga vipande vya utando ndani ya tumbo. Hata hivyo, uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa damu hurudi hivyo kwa wanawake walio wengi, ilhali anayeugua ni mmoja kati ya kumi. Kinachomtofautisha mgonjwa, basi, hakina budi kutafutwa katika kile kilichobebwa na damu hiyo na katika mwili unaokipokea.

Hapo ndipo seli shina zinapoingia, yaani seli ambazo bado hazijajifunga na kazi moja, zenye uwezo wa kujizidisha na kuzaa seli za aina nyingine. Utando wa mfuko wa uzazi hubomoka na kujengwa upya mara zipatazo 400 katika maisha ya mwanamke, kazi ambayo huhitaji akiba ya seli za namna hiyo katika tabaka la chini lisilobanduka wakati wa hedhi. Mwaka 2004 Caroline Gargett na wenzake mjini Melbourne walionyesha kwamba seli chache za utando huo zaweza, kila moja peke yake, kuzaa kundi zima. Na watafiti wengine wamekuta kwamba vipande vya tabaka la chini huonekana zaidi katika damu ya hedhi ya wagonjwa. Mwaka huohuo wa 2004 Hugh Taylor wa Chuo Kikuu cha Yale aligundua, katika wanawake wanne waliopandikizwa uboho, seli za utando zilizotokana na mtoaji, na baadaye majaribio ya panya yakaonyesha seli za uboho zikijiunga na vidonda vya endometriosisi. Safari hiyo ya seli kutoka kwenye uboho kupitia damu yaweza kusaidia kueleza ugonjwa unaofika hata kifuani, kama ule ambao mtangazaji wa Kenya Njambi Koikai aliuzungumzia hadharani hadi alipofariki mwaka 2024.

Ipo pia dhana, ambayo bado haijathibitishwa, kwamba baadhi ya seli hizi huingia tumboni siku chache baada ya kuzaliwa, pale watoto wachache wa kike wanapotokwa na damu kwa kupungukiwa na homoni za mama, kisha hulala hadi balehe. Dhana hiyo ikisimama, itaeleza kwa nini msichana aliyevunja ungo juzi huweza kuugua. Huyo ndiye anayeambiwa kuwa ana chango tu, kwamba akiolewa au akizaa litakwisha, na hivyo huingia katika miaka ya kusubiri ambayo, kwa taarifa za Shirika la Afya Duniani, mara nyingi huwa kati ya 4 na 12 kabla ugonjwa haujatambuliwa.

Elimu hii isigeuzwe biashara, kwa kuwa hadi sasa hakuna tiba ya seli shina iliyoidhinishwa kwa endometriosisi, na anayeiuza anauza matumaini matupu. Faida ya elimu hii kwa leo ni kumpa mama, mwalimu, kungwi na daktari sababu ya kuyachukulia maumivu ya hedhi yanayomlaza msichana kitandani kuwa dalili inayostahili uchunguzi mapema, maana seli iliyokwisha kushika mizizi haingoji arusi.