Kompyuta za Shule: Tuanzie Kwenye Soketi, Si Kwenye Kasi

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft iliposimamisha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, nimekuwa nikisikia rai mbili katika vyumba vya walimu vya Migori na Homa Bay. Ya kwanza ni ya wakubwa: kompyuta za zamani zitupwe, bodi ya shule itafute fedha za kununua mpya. Ya pili ni ya wanafunzi: kompyuta moja ifunguliwe, itiwe kichakataji chenye nguvu, kisukumwe kupita kasi iliyowekwa na kiwanda, kisha kipozwe kwa maji. Rai ya kwanza siiungi mkono hata kidogo. Ya pili inanivutia, ila wenye rai hiyo wameanzia mwisho wa safari.

Asidhani mtu kwamba huu ni upuuzi wa vijana wapenda michezo. Kampuni ya IBM ilikuwa ikipoza baadhi ya mitambo yake mikubwa kwa maji katika miaka ya 1960. Na mwaka 1998 Intel ilipotoa kichakataji cha bei nafuu, Celeron 300A, watu wa kawaida waligundua kwamba kifaa hicho cha megahezi 300 kingeweza kufanyishwa kazi kwa megahezi 450. Walifurahi kama waliookota dhahabu ya Macalder.

Lakini kasi ina gharama yake, na gharama hiyo ni joto. Mwalimu wa fizikia anaweza kuliandika jambo hili ubaoni kwa mstari mmoja: nguvu inayoliwa na kichakataji hupanda sawia na kasi yake, na sawia na mraba wa volteji. Ongeza kasi kwa asilimia 10 na volteji kwa asilimia 10, utapata 1.1 mara 1.1 mara 1.1, yaani 1.331. Kichakataji kilichokuwa kikila wati 65 sasa kinadai zaidi ya wati 86. Umepata sehemu moja ya kumi ya kasi, ukalipa karibu theluthi nzima ya joto.

Maji hayalimezi joto hilo. Huliondoa kwenye kichakataji na kulipeleka kwenye rejeta, ambako feni hulipuliza chumbani. Kwa hiyo maji hayo hayawezi kuwa baridi kuliko hewa ya chumba chenyewe. Sasa fikiria darasa la Homa Bay saa nane mchana, chini ya bati tupu, wanafunzi arobaini ndani na madirisha yamefungwa kwa kuhofia wezi! Mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne aliniuliza kwa nini tusivute maji ya ziwa, ilhali ziwa tunaliona kutoka uwanjani. Lilikuwa swali zuri, nalo lilitumaliza kipindi kizima. Maji ya ziwa yana mwani, matope na madini. Yangeziba vijia vyembamba vya shaba vilivyo juu ya kichakataji, na tone moja likiangukia ubao mama ulio na umeme, huenda mradi ukaishia hapo. Yanayofaa ni maji yaliyotoneshwa, yenye dawa ya kuzuia kutu na ukungu, tena ya kukaguliwa mara kwa mara. Nani atayakagua likizo ya Agosti?

Basi nikikabidhiwa fedha chache nichague vipuri, ningeanzia ukutani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mvunguni mwa meza ndimo kinamokaa kifaa ambacho shule nyingi hukisahau: betri ya akiba inayoshikilia kompyuta umeme ukatikapo. Hatujasahau usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilipoingia gizani. Lakini kukatika kwa kawaida, kwa dakika tano tano, ndiko kunakoharibu kazi za wanafunzi zaidi. Baada ya betri ningetazama pawasaplai, na hapa mnunuzi awe macho: kompyuta nyingi za mitumba zilizotoka maofisini zina pawasaplai na plagi za umbo la pekee, ambazo za dukani haziziingilii.

Kisha vumbi. Barabara za maramu, malori ya miwa ya Awendo, na wale wadudu wa ziwa wanaopanda kama moshi na kufuata taa usiku, wote huishia kwenye feni. Feni ikiziba, kichakataji hujipunguzia kasi chenyewe ili kisiungue. Kwa hiyo brashi na grisi mpya ya kupitisha joto huirudishia kompyuta kasi iliyokuwa imeipoteza, kwa gharama ndogo mno. Diski isiyozunguka na kumbukumbu zaidi hufuata. Kichakataji kije mwisho, tena kwa kupima: vingi vya Intel vimefungwa kiwandani visizidishiwe kasi, na ubao mama nao huchagua wa kumpokea.

Ni kweli kwamba Windows 11 huzikataa mashine nyingi zenye vichakataji vya Intel vya kabla ya kizazi cha nane. Lakini Linux haizikatai, wala haiuzwi. Walimu wa somo la Kompyuta watahofia mtihani wa vitendo wa KCSE, na hofu yao ina msingi. Ndiyo sababu nasema zinunuliwe mashine chache mpya kwa kazi hiyo, si chumba kizima.

Ninachoshindwa kukielewa ni hofu ya bisibisi. Tunawafundisha vijana majina ya vipuri kutoka kwenye mchoro wa kitabu, kisha tunabandika karatasi ya onyo juu ya kasha. Katika shule moja niliyozuru, kompyuta saba zilikuwa zimerundikwa pembeni zikingoja kuondolewa kama mali chakavu. Mwalimu aliniruhusu kufungua moja. Feni ilikuwa imevaa vumbi kama blanketi, na kijiti kimoja cha kumbukumbu kilikuwa kimelegea. Tulipangusa, tukakibana kijiti mahali pake, ikawaka. Zile sita nyingine hatukuruhusiwa kuzigusa, kwa kuwa zilikuwa zimekwisha kuorodheshwa.