Roma, ghali ni kiti
MEZA YA JUMAPILI, na Mwanaheri Kombo

Vijana wetu wanaosoma na kufanya kazi Ulaya wana desturi ya kukutana likizo katika jiji moja, kila mtu na tiketi yake ya bei ya chini, na Roma haikosi kutajwa. Wakirudi, malalamiko ni yaleyale: jiji zuri, lakini chakula kinakomba mfuko. Nakataa. Roma chakula si ghali. Ghali ni kiti, hasa kile kinachotazama Pantheon au chemchemi ya Trevi. Na kundi la marafiki ndilo linaloangukia kiti hicho kwa urahisi, kwa sababu watu sita hubishana mpaka saa tisa alasiri. Saa hiyo majiko mengi ya maana yameshafungwa hadi jioni, na mgahawa wenye picha za sahani mlangoni ndio unaowapata.

Mwaka 2019 watalii wawili kutoka Japani walitozwa zaidi ya euro 400 katikati ya jiji kwa tambi, samaki na maji, bahashishi ya euro 80 ikiwa ndani ya hesabu hiyo. Samaki mara nyingi huandikiwa bei ya gramu 100, si ya sahani nzima, kwa hiyo uliza uzito kabla hajaingia jikoni. Mkoa wa Lazio, ambao Roma ni makao yake makuu, ulipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2006 ile ada ya coperto, yaani pesa ya kukalia meza tu. Ada ya mkate imebaki kwenye stakabadhi nyingi. Mkate usioutaka, urudishe.

Mimi kundi langu ningelipeleka Testaccio. Machinjio ya jiji yalikuwa hapo tangu mwisho wa karne ya 19 hadi 1975. Minofu ilikwenda kwa wenye uwezo, na wachinjaji walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mikia, matumbo na vichwa. Wapishi wa mtaa wakavitia nyanya, seleri na saa nyingi za moto mdogo, na mapishi hayo leo ndiyo fahari ya Roma. Utumbo wenye nyanya, mnanaa na jibini ya kondoo ni chakula cha Jumamosi kwa mapokeo ya jiji. Aliyekua akinywa supu ya utumbo alfajiri hahitaji kubembelezwa. Ndiyo maana nasisitiza: hapa bei nafuu si punguzo wala chakula cha daraja la pili. Chakula hiki kilizaliwa kwa watu wasio na pesa, na anayekitafuta anakula Roma yenyewe.

Soko la Testaccio lilihamia jengo jipya mwaka 2012, na ndani yake mna vibanda vya mikate ya nyama. Muuzaji anapasua mkate, anachovya upande wa ndani kwenye mchuzi uliochemshia nyama, kisha anaujaza nyama ya ng'ombe iliyolainika hadi inachambuka yenyewe. Ukitaka anakuongezea mboga chungu, halafu anafunga karatasi. Unakula umesimama, umeinama mbele kidogo, mchuzi usije ukaingia kwenye mkono wa shati. Nenda kabla ya saa nane mchana.

Siku nyingine, pizza ya kupimwa kwa mizani. Inaokwa kwenye sinia refu; unaonyesha kwa mikono upana unaotaka, mkasi unapita, mizani inasema bei. Hapa wingi wenu ni faida: nunueni aina sita, kila kipande kikatwe vijiti sita, kila mtu aonje zote. Msiende kulia kwenye ngazi za Piazza di Spagna tu, maana tangu 2019 kukaa pale kunatozwa faini. Maji ya kunywa ni bure kwenye mabomba ya chuma yaliyotapakaa jiji zima.

Sasa jambo linaloniuma zaidi. Katika kundi la kwetu hakosekani asiyekula nguruwe, na huko Roma tambi za carbonara, amatriciana na gricia zote hutiwa nyama ya shavu la nguruwe. Nimesikia mwenzao akiambiwa ale saladi. Huo si urafiki. Tambi za cacio e pepe ni jibini na pilipili manga tu, na ni bora kuliko hizo tatu kwa maoni yangu. Chaguo la pili ni mtaa wa Wayahudi kando ya mto Tiber, ambamo Papa Paulo wa Nne aliwafungia mwaka 1555. Migahawa ya kosha ya pale haipiki nguruwe kabisa, na atichoki zao nzima huzamishwa kwenye mafuta ya moto hadi majani yafunguke na kukauka kama chipsi. Majira yake ni kuanzia Februari hadi Aprili. Bei iko juu kidogo ya Testaccio, lakini kila mtu anakula kilichopo mezani.

Pesa zichangwe asubuhi, kiasi kimoja kwa wote, ashike mmoja. Mwenye mfuko mwembamba haaibiki mbele ya stakabadhi, na kiasi kinapangwa kwa uwezo wake, si wa mwenye mshahara mkubwa. Kitakachobaki usiku kinunueni aiskrimu, mahali inapofunikwa kwenye makopo ya chuma na ya pistachio ina rangi ya kufifia, si kijani cha kung'aa.