Mgeni Siku ya Tatu Mpe Jembe

Wahenga wetu waliposema kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, hawakukusudia kumfukuza mgeni wala kumdhalilisha. Walikusudia kumpa heshima ya mwenyeji, ili ale kwa jasho lake, na nyumba iliyompokea ifaidike na mikono yake. Leo tungependa kuipima methali hiyo katika ardhi ya Arusha na Meru, kwa kumtazama mgeni ambaye habari zake hazisemwi sana, naye ni mwanafunzi aliyetoka nchi nyingine, akasoma kwetu, akahitimu, na sasa anatafuta kazi.

Mtu akitoka mjini Arusha kwa barabara ya Moshi hufika Tengeru, ambako Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela imekuwa ikisomesha wanafunzi wa uzamili na uzamivu tangu mwaka 2011. Akiendelea mbele atapita Makumira na kufika Usa River, nako kuna vyuo vikuu. Akirudi mjini, upande wa Njiro, yupo Chuo cha Uhasibu. Miongoni mwa wanaosoma katika eneo hili wamo vijana wa Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na kwingineko. Huja kwa hiari yao, hulipa ada na kodi za nyumba, hununua sokoni Tengeru, na wengi hujifunza Kiswahili chetu mpaka wakatania nacho.

Tuchukue mfano. Maji ya chemchemi nyingi zinazouzunguka Mlima Meru yana floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Sote tunazijua alama zake katika meno ya watoto wetu, na wapo walioumizwa mpaka mifupa. Mwanafunzi wa kigeni akitumia miaka yake ya masomo kuyapima maji hayo na kutafuta namna ya kuyachuja, huhitimu akiwa anaijua shida ya Ngarenanyuki kuliko wengi wetu. Siku ya mahafali tunampigia makofi. Baada ya hapo kibali chake cha ukaazi, alichopewa kwa ajili ya masomo tu, kinafikia mwisho, naye hutakiwa kufunga mizigo. Je, huyu hatukumnyang'anya jembe siku ile ile ya tatu?

Tuseme kwa uadilifu kuwa sheria haikumfungia mlango kabisa. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamruhusu mwajiri kumwombea mgeni kibali kwa Kamishna wa Kazi. Inamtaka mwajiri huyo athibitishe kuwa alimtafuta Mtanzania mwenye ujuzi huo akamkosa, na aandae mpango wa kumrithisha mwenyeji kazi hiyo. Aidha, sheria hiyo imeweka daraja maalumu la kibali kwa fani chache, wakiwamo wataalamu wa afya, wa mafuta na gesi, na walimu wa sayansi na hisabati. Masharti haya hatuyapingi, kwani taifa lina haki ya kuwatanguliza watoto wake.

Nayo Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyotiwa saini hapa hapa Arusha tarehe 20 Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inampa raia wa Jumuiya haki ya kuomba na kukubali kazi katika nchi mwanachama, kwa fani ambazo kila nchi imezifungulia mlango. Kanuni zake zinataka maombi ya kibali yaamuliwe ndani ya siku 30. Lakini tazameni pengo lilipo. Kibali huanza na mkataba wa kazi, na mkataba haupatikani ila kwa kutafuta, na kutafuta kunahitaji muda. Muda huo ndio mhitimu asiokuwa nao. Raia wa Jumuiya anaweza kutoka na kurejea kama mgeni wa matembezi kwa muda wa hadi miezi sita, lakini cheti cha matembezi si cheti cha kutafutia riziki, na waajiri wengi hukiogopa.

Matokeo yake ni nini? Tunamfahamu kijana mmoja kutoka nchi jirani aliyehitimu kwa alama za juu. Kwa kukosa njia, alikubali kufundisha hisabati katika shule moja ya binafsi pembezoni mwa mji bila kibali. Alilipwa nusu ya mshahara wa wenzake, akawa anajificha kila alipoona gari la serikali. Alipodai malimbikizo yake aliulizwa kwa upole, "Utashitaki wapi?" Aliondoka usiku, na darasa la kidato cha tatu likabaki bila mwalimu.

Wako watakaosema, na wana haki ya kusema, kwamba vijana wetu wenyewe wanazunguka na bahasha za vyeti kutoka Sakina mpaka Njiro bila mafanikio. Kwa nini tumfikirie mgeni? Hoja hii ni nzito, na mzazi aliyeuza ng'ombe ili kusomesha hawezi kuambiwa asubiri. Lakini tuulizane, ni nani anayemnyima kazi kijana wa Kitanzania? Je, ni mhitimu mgeni aliyeajiriwa kwa sheria, anayelipwa sawa na wengine, anayekatwa kodi na kumfundisha mrithi wake? Au ni yule anayejificha, ambaye mwajiri humpenda kwa sababu ni rahisi na hawezi kulalamika? Ni huyu wa pili anayeshusha ujira wa wote, na tunamzaa sisi wenyewe kwa kumwacha mhitimu bila njia.

Tukumbuke pia kuwa watoto wetu nao ni wageni kwa watu. Mtanzania anayehitimu Marekani anaweza kupewa miezi 12 ya kufanya kazi katika fani yake, na akiwa wa sayansi au teknolojia huweza kuongezewa miezi 24. Ujerumani humpa mhitimu miezi 18 ya kutafuta kazi. Kanada hutoa kibali cha hadi miaka mitatu. Uingereza ilifungua njia ya miaka miwili mwaka 2021, ingawa imekwisha kutangaza kuipunguza. Nchi hizo zimefanya hivyo kwa hesabu, si kwa huruma, maana zimeona ni hasara kumpoteza mtu mliyemsomesha wenyewe. Ikiwa tunafurahi mwanetu anapotendewa hivyo ugenini, kwa nini mwana wa jirani asitendewe hivyo Tengeru?

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Mhitimu wa chuo cha Tanzania apewe miezi 12 baada ya mahafali ya kutafuta kazi akiwa huru na anajulikana na Uhamiaji. Akipata mwajiri, masharti yote ya sheria yafuatwe, pamoja na ule mpango wa kurithisha kazi. Akikosa, arudi kwao kwa heshima. Mji unaojivunia kuwa makao makuu ya Jumuiya ungefaa kuwa wa kwanza kuidai haki hii.

Kwenu wahitimu wageni, tunawausia msingoje mahafali. Anzeni kuwaendea waajiri mwaka wa mwisho ukianza. Mhandisi auulizie mkataba wa mwaka 2012 ambao Kenya, Uganda na Tanzania zilikubaliana kutambua wahandisi wao. Kijueni Kiswahili cha kazini na cha mtaani. Zaidi ya yote, msianze kazi kabla ya kibali kutoka, hata mwajiri akiwabembeleza, kwa kuwa siku ya shida atawakana.

Nanyi waajiri, ujira wa mtu ni amana mikononi mwenu. Anayemtumikisha mgeni gizani hakumsaidia, amemwibia. Wahenga walisema apewe jembe, na jembe hulimiwa mchana, mbele za watu.