Mlinzi aliye ndani ya bidoni ya mawese

Juma hili tuongee juu ya hasara tunayoijua sote: ulinunua mawese mazuri, mekundu, ukayaweka. Siku unayoyapeleka sokoni, mteja anayanusa na kupita.

Anayeyaharibu ni hewa. Oksijeni ikiingia katika mafuta, uharibifu unaenea kutoka chembe moja hadi nyingine, kama moto katika majani makavu. Lakini mawese yana mlinzi wake, vitamini E.

Mlinzi huyu ana kichwa na mkia. Kichwa ni duara la kaboni lenye mkono mmoja wa oksijeni na haidrojeni. Kitu chenye umbo hilo kinaitwa fenoli. Uharibifu ukifika, mkono unatoa haidrojeni yake, na moto unazimika hapo. Mkia mrefu unapenda mafuta, ndiyo sababu mlinzi anakaa ndani ya mawese.

Matembele yana fenoli pia. Nyingi kati ya hizo zina mikono miwili iliyo jirani kwenye duara moja: mmoja ukiisha kutoa, wa pili unausaidia, basi nguvu yao ni kubwa zaidi. Ila hazina mkia wa mafuta, zinapenda maji. Ukichemsha matembele katika maji mengi na kuyamwaga, umezimwaga pamoja nayo. Tia maji kidogo, na mchuzi uliwe. Sombe ni jambo lingine: ina sumu yake, lazima itwangwe na ichemshwe sana.

Turudi kwa mawese. Mlinzi akishatoa haidrojeni yake, kazi yake imekwisha. Jua, hewa na moto mkali vinawamaliza walinzi mapema. Kwa hiyo:

- Jaza bidoni mpaka juu, ifunge vizuri, iweke kivulini.
- Usimimine mafuta mapya juu ya masalio ya zamani. Uharibifu ulioanza katika yale ya zamani utawala walinzi wa yale mapya.
- Usiyaunguze mawese mpaka yawe meupe. Ule wekundu ni karotini, ambayo mwili wa mtoto unaigeuza kuwa vitamini A ya kulinda macho yake.

Na mafuta yaliyokwisha kunuka? Yapikie sabuni. Chungu cha watoto kipate yale mazuri.