Buda, Kabla Ununue Dawa ya 'Nguvu', Umewahi Pima Sukari?

Ukitembea Nairobi hii huwezi kosa hizo poster. Ziko kwa kila mlingoti wa stima: "nguvu za kiume", na namba ya simu hapo chini. Hatua mbili mbele kuna msee wa mukombero na karanga. Biashara iko sawa, juu mabro wengi mambo ya kitandani yakiwalemea hawaendi hosi, wanaenda hapo. Noma ni kwamba wakati mwingine shida si nguvu. Ni sukari.

Iko hivi. Testosteroni, ile homoni ya kiume, haishughuliki na ndevu na kitanda pekee. Inajenga misuli na kuzuia mafuta yasijae tumboni. Na misuli ndiyo inameza sukari nyingi kutoka kwa damu ukishakula. Homoni ikishuka, misuli inapungua, kitambi kinakuja, na mwili unaanza kuipuuza insulini. Hapo kisukari cha aina ya pili kinakuwa kimebisha hodi.

Sasa sikiza hii. Mambo inaenda pia kinyume. Mafuta ya tumboni yanageuza testosteroni kuwa estrojeni, homoni ambayo madem ndio wako nayo kwa wingi. Kumaanisha hicho kitambi tunaitanga "alama ya pesa" kinakula homoni yako polepole, na homoni ikiisha kitambi kinazidi. Ni mduara.

Najua kuna msee anauliza: si basi nidungwe tu testosteroni? Australia walijaribu. Walichukua wanaume 1,007 wa miaka 50 hadi 74, viuno sentimita 95 kwenda juu, homoni ziko chini, na wote wakawekwa kwa programu ya kupunguza uzito. Nusu walidungwa testosteroni, nusu dawa bandia. Baada ya miaka 2, wenye walikuwa na kisukari walikuwa 12% upande wa testosteroni na 21% upande ule mwingine. Matokeo yalitoka 2021 na watu wakafurahi. Lakini karibu mmoja kati ya watano waliodungwa damu yao ilikuwa nzito kupita kiasi, na hiyo si mchezo.

Halafu 2024 wakatoka Wamarekani na utafiti wao: wanaume wenye homoni chini na sukari imeanza kupanda, wakapewa testosteroni bila hiyo programu ya kupunguza uzito. Haikuzuia kisukari. Mimi naona hivi: dawa bila kugusa kitambi ni kutwanga maji kwa kinu.

Na nyinyi vijana wa gym mnaodungana ndio mfure, jueni ubongo ukiona homoni imejaa kutoka nje unaambia makende yapumzike. Mbegu zinapungua, wengine zinaisha kabisa. Utakuwa na kifua kama mlango na hauwezi kupata mtoi.

Kwetu Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulipata karibu 88% ya watu wazima hawajawahi kupimwa sukari. Hebu fikiria. Kisukari kinaharibu mishipa ya damu na neva, na ile mishipa midogo ya huko chini inaumia mapema. Kuna msee dalili yake ya kwanza itakuwa hiyo tu, kabla hata ya kiu na kuamka usiku kukojoa. Si lazima iwe kisukari, inaweza kuwa stress, pombe ama kukosa usingizi, lakini hautajua na mukombero mdomoni.

Kupima ni kudungwa kidole, tone moja la damu, dakika chache. Ukienda, sema ukweli wote, hata ya kitandani. Daktari ashasikia hiyo stori mara mingi. Na akitaka kupima testosteroni, enda asubuhi, juu ndio wakati huwa iko juu.