Methali ya Nahodha na Swali la Binti Yangu

Sisi watu wa mjini tuna ugonjwa mmoja, nao ni kuona haya. Matatu ikiwa imejaa pomoni na gurudumu limelika hadi limekuwa laini kama upara, tutaingia, tutabanana na tutalipa nauli kimya. Tunaogopa kuuliza tusije tukaonekana washamba. Jumapili hii, msomaji mpenzi, nataka nikusimulie jinsi haya hiyo ilivyonitia aibu mbele ya mtoto wangu mwenyewe.

Ilikuwa Agosti ya mwaka juzi. Nilikuwa nimempeleka binti yangu, mwenye umri wa miaka tisa, kuutembelea mji wa Lamu, ule mji wa kale ambao mwaka 2001 uliorodheshwa na UNESCO miongoni mwa turathi za ulimwengu. Siku ya pili tuliabiri mashua. Abiria tulikuwa wengi kuliko nafasi, lakini nani angeshuka? Tulipofika katikati ya mkondo, upepo wa kusi ukashika kasi na mashua ikaanza kulala ubavu. Mara binti yangu akanivuta nguo.

“Mama, mbona miguu yangu imelowa?”

Maji yalikuwa yakipenya katikati ya mbao. Kijana mmoja alichukua kopo la rangi akaanza kuyafua na kuyamwaga nje. Nilitafuta kwa macho jaketi za kuokolea maisha, nikaona mbili tu, zote za watu wazima. Nahodha alipotuona tumenywea, alicheka akasema, “Chombo cha kuzama hakina usukani!” Abiria wakacheka. Nami, msomaji, nikacheka huku magoti yakigongana.

Tulifika salama. Lakini usiku ule, kabla ya kulala, binti yangu aliniuliza, “Mama, kwa nini ulicheka?” Sikuwa na jibu.

Desemba iliyopita tulirudi Lamu. Binti yangu alikataa katakata kupanda chombo chochote zaidi ya kile cha kutuvusha. Basi tulipotaka kwenda Matondoni, kijiji cha kisiwa hicho hicho kinachosifika kwa ufundi wa vyombo, ilitubidi twende kwa punda. Sikujuta, kwani huko ndiko tulikopata somo ambalo ningependa kila mzazi alisikie.

Tulikuta jahazi limelala mchangani. Chini yake alikaa mzee mmoja fundi, nyundo mkononi, akitia kalafati. Kazi hiyo ni ya kushindilia pamba iliyolowekwa mafuta katika kila mwanya baina ya mbao na mbao. Pamba ikilowa huvimba, mbao nazo huvimba, na mwanya hujiziba. Ndiyo maana, alitueleza, chombo kilichokaa juani muda mrefu huvuja siku za kwanza kinaporudishwa majini, mpaka mbao zinywe maji. Lakini kikiendelea kuvuja baada ya hapo, kalafati imekwisha.

Hata kukipandisha chombo pwani kuna elimu yake. Husubiriwa maji ya bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari inapojaa kupita kawaida. Maji yakitoka, chombo hubaki mchangani, nao mafundi hupata saa chache za kukikagua kabla bahari haijarejea.

Nilimwuliza mzee adui mkubwa wa jahazi ni nani, nikidhani atasema dhoruba. Akanionyesha kipande cha ubao kilichojaa vitundu kama sega la nyuki. Adui ni kiumbe mdogo wa maji ya chumvi anayetoboa mbao na kuishi humo. Watu humwita mdudu, ingawa kwa hakika ni wa jamii ya chaza na kome. Kwa nje utaona kitundu kidogo sana, kumbe ndani ubao umekwisha. Kumwua, mafundi hupitisha moto wa makuti chini ya chombo, kisha hupaka deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Mbao za juu hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, ambayo harufu yake ilimfanya binti yangu azibe pua mpaka mzee akacheka.

Wazee wa zamani walijua haya pia. Mtepe, chombo cha kale cha pwani hii, haukuwa na msumari hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi, na kamba zilipochakaa chombo kilishonwa upya. Kwao, kutengeneza chombo hakukuwa na mwisho.

Ndipo binti yangu alipouliza swali lililokuwa limemkaa rohoni tangu Agosti ile. “Babu, ni kweli chombo cha kuzama hakina usukani?”

Mzee aliweka nyundo chini. “Mjukuu wangu,” akasema, “methali hiyo husemwa kuwafariji watu baada ya ajali. Haisemwi kabla ya safari. Chombo huanza kuzama siku ile mwenyewe alipoona tundu akasema, nitaziba kesho.”

Msomaji, sisi Wakenya tuna sababu ya kuyakumbuka maneno hayo. Tarehe 29 Aprili 1994, feri iliyojaza abiria kupita kiasi ilipinduka Mtongwe, Mombasa, na watu 272 wakapoteza maisha.

Basi iwe ni Lamu, Mombasa au Ziwa Viktoria, kabla hujamkalisha mtoto wako chomboni, fanya mambo manne. Kwanza, tazama chini: maji kidogo ni kawaida, lakini yakiwa yanaongezeka chombo kingali kimefungwa gatini, usipande. Pili, hesabu jaketi, na uhakikishe kuna inayomtosha mtoto, kwani jaketi kubwa humvuka akiwa majini. Tatu, tazama ubavu wa chombo. Ukiona maji yamekaribia ukingo, watu wamezidi. Nne, mwulize nahodha hali ya upepo. Akikujibu kwa mzaha, subiri chombo kingine.

Siku ya kuondoka Matondoni, binti yangu alikuwa amechoka na mgongo wa punda. Palikuwa na mashua ikirudi mjini. Aliinama akachungulia ndani, kisha akamwuliza nahodha, “Shikamoo baba. Kalafati ilitiwa lini?” Nahodha alimtazama kwa mshangao, halafu akafurahi kama mtu aliyesifiwa. Alimwonyesha mbao moja moja, akamtafutia jaketi ndogo na kumfunga kamba zake mwenyewe.

Tulisafiri miguu yetu ikiwa mikavu. Njiani binti yangu alicheka sana, na mara hii nami nilicheka bila ya kujilazimisha.

Tukijaliwa, tukutane tena Jumapili ijayo.