Tafakari ya Juma: Gitaa, Kwaya na Mtoto Anayesubiri Mlangoni





Juma hili tunaomba ruhusa yenu tuyaweke kando masomo ya Dominika, tuseme jambo moja ambalo limetukaa kifuani kwa muda mrefu. Ni jambo la ndoa na muziki. Tunajua kwamba litawaudhi baadhi yenu. Lilipotufikia, wa kwanza kuudhika tulikuwa sisi wenyewe.

Miezi michache iliyopita walifika ofisini kwetu mume na mke, nao wameturidhia kusimulia habari yao bila majina. Mume ni fundi umeme. Usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi, na Dominika kuanzia alasiri hadi usiku, hupiga gitaa la besi katika bendi ya dansi hapa mjini. Mara nyingi hurudi nyumbani saa kumi za alfajiri. Wana watoto watatu, na mke amechoka. Wazee wa jumuiya yao walikuwa wamekwisha kukata shauri: auze gitaa. Yule bwana, mtu mpole asiyependa maneno mengi, alituambia hivi: "Padre, nikiliuza nitakaa nyumbani, lakini sitakuwa nimerudi."

Tulidhani tunalo jawabu jepesi. Tukamwambia: "Achana na bendi, njoo kwenye kwaya ya parokia. Tunahitaji mpiga besi." Mkewe akacheka, kicheko kisicho na furaha. Akasema: "Padre, shemeji yangu, mume wa dada yangu, yumo katika kwaya hiyo. Muulize mwanawe yuko darasa la ngapi."

Hatukuwa na uso wa kumwuliza. Wageni walipoondoka tulichukua karatasi tukahesabu. Bendi ilimchukua yule bwana siku tatu za juma. Kwaya yetu ilikuwa na mazoezi Jumanne, Alhamisi na Ijumaa jioni. Jumamosi tangu alasiri hadi usiku. Dominika Misa mbili, kisha kikao hadi jua lizame. Hapo hatujahesabu mikesha, safari za kutembelea parokia jirani, siku za kurekodi, wala maandalizi ya Noeli na Pasaka. Basi yule tuliyemwita mtu wa dunia alikuwa nyumbani jioni nne kwa juma, na yule tuliyemwita mtumishi wa Bwana alikuwa nyumbani jioni mbili.

Wapendwa, mtoto anayesubiri mlangoni hajui tofauti kati ya rumba na Zaburi. Anachojua ni kwamba baba hayupo, au mama hayupo. Ndiyo maana leo tunataka kupinga makosa matatu, na mojawapo ni letu.

Kosa la kwanza ni kuhukumu kipaji badala ya kuhukumu matumizi yake. Wapo miongoni mwetu wanaosema kwamba mtu wa bendi hawezi kuwa mume mwema, na mwanamke aimbaye jukwaani humpa jina baya zaidi, jina ambalo hawathubutu kumpa mwanamume asimamaye naye bega kwa bega. Hukumu hiyo si ya Injili. Msimamizi wa wanamuziki katika Kanisa letu ni Mtakatifu Sesilia, naye alikuwa mwanamke aliyeolewa. Mapokeo yanasimulia kwamba siku ya harusi yake, vyombo vilipokuwa vikipigwa, yeye alimwimbia Mungu moyoni, na ni kwa njia yake mumewe Valeriani alipata imani. Bwana wetu naye, katika mfano wa talanta, hakumsifu yule aliyefukia mali ya bwana wake ardhini kwa hofu. Tunapomwambia kijana mwenye vidole vyepesi auze gitaa lake siku anapofunga ndoa, tunamkabidhi jembe la kuchimbia shimo hilo. Kisha tunashangaa akiwa mtu wa hasira ndani ya nyumba yake.

Kosa la pili ni letu sisi wachungaji na viongozi wa vyama, na ndilo kubwa zaidi. Ni kudhani kwamba kitu kikiwa cha Kanisa, basi familia haina haki ya kulalamika. Katika sura ya saba ya Injili ya Marko, Kristo anawakemea Mafarisayo na walimu wa sheria kwa desturi ya korbani. Mtu aliweza kutamka kwamba mali ambayo ingewasaidia wazazi wake ni wakfu kwa Mungu, na tangu hapo akawa hana wajibu wa kuwatunza. Yesu hakukubali. Aliwaambia wazi kwamba kwa desturi hiyo wameitangua amri ya Mungu. Sadaka iliyotolewa kwa kunyang'anya chakula cha wazee haikuwa sadaka machoni pake.

Je, jioni tano za baba mwenye watoto wadogo tuziite nini? Sisi tumezipokea miaka mingi, tukazibariki, tukamsifu mbele ya waamini kwa moyo wa kujitoa, bila kuuliza hata mara moja ni nani aliyelipa gharama. Waliolipa ni mkewe na watoto wake. Ni korbani, ndugu zangu, na madhabahu iliyoipokea ni yetu.

Tunajua mtatujibu: Bwana alisema kwamba ampendaye baba au mama, mwana au binti kuliko yeye, hamstahili. Ni kweli, amesema. Lakini alijitaja yeye mwenyewe, hakuitaja kwaya, wala kamati ya ujenzi, wala ratiba ya paroko. Tusijivike nafasi ya Kristo ili tupate sauti za besi na tena za kutosha.

Tuongeze neno ambalo yafaa litoke kwa padre. Sisi hatukuoa, ili mtu akitugongea usiku wa manane tuweze kuondoka bila kumwacha mke wala mtoto kitandani. Mtume Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, anaeleza wazi kwamba mwenye mke anao wajibu wa kumpendeza mkewe, na moyo wake umegawanyika. Paulo hakuiita hali hiyo dhambi, kwani ndivyo ndoa ilivyo. Basi kwa mamlaka gani sisi tusio na watoto tunamdai mwenye watoto aishi kana kwamba hana? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, uliita familia Kanisa la nyumbani. Kanisa moja haliwezi kujengwa kwa matofali yaliyong'olewa katika jingine.

Kosa la tatu ni la mwanamuziki mwenyewe, wa bendi na wa kwaya pia. Ni kukifanya kipaji kuwa hati ya msamaha. Tumewasikia wakisema: "Mimi nimezaliwa hivi, aliyenioa alijua." Alijua kwamba unapiga gitaa, lakini hakuapa altareni kwamba atalea watoto peke yake. Mfalme Daudi alikuwa mpiga kinubi ambaye vidole vyake vilimtuliza Sauli, na hata leo tunasali kwa Zaburi zinazoitwa kwa jina lake. Lakini someni Kitabu cha Pili cha Samweli: mwanawe Absalomu alikaa Yerusalemu, katika mji huohuo wa baba yake, miaka miwili mizima bila kuuona uso wa mfalme. Kilichofuata ni uasi na vita, na kilio cha baba ambacho hakuna kinubi kilichoweza kukituliza. Papa Yohane Paulo II naye, katika wosia wake juu ya familia, *Familiaris Consortio*, namba 25, alifundisha kwamba kutokuwepo kwa baba huvuruga nafsi na maadili ya walio nyumbani. Wosia huo ulitolewa tarehe 22 Novemba 1981, na tarehe 22 Novemba ndiyo Kanisa humwadhimisha Sesilia. Tunapenda kuyaona mambo hayo mawili yamekaa pamoja, muziki na nyumba, katika siku moja ya kalenda.

Na hapa tuseme juu ya fedha, kwa maana Mtume anamwambia Timoteo kwamba asiyewatunza watu wa nyumbani mwake ameikana imani. Wazee wetu wanakumbuka enzi ambapo bendi kubwa za Dar es Salaam zilikuwa chini ya jumuiya na mashirika. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964 na ambayo leo tunaijua kwa jina la Msondo Ngoma, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ililelewa na shirika la umma. Mpiga tarumbeta katika bendi ya namna hiyo alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na mkewe aliweza kujua mwisho wa mwezi utaleta nini. Leo wengi wanagawana viingilio vya mlangoni baada ya kutoa gharama, na mvua ikinyesha Jumamosi mgao hauwatoshi hata nauli. Anayeingia katika bendi leo kwa mawazo ya enzi ile anajidanganya mwenyewe, na anaidanganya nyumba yake. Hatumzuii. Tunamwomba awe na kazi ya mchana kama huyu fundi umeme wetu, na mapato ya usiku, yawe mengi au machache, yafike mezani mbele ya mkewe na kuhesabiwa na wawili.

Halafu kuna kesho. Mbaraka Mwinshehe, ambaye gitaa lake bado linasikika katika redio zetu, aliaga dunia Januari 1979 kwa ajali ya gari mjini Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34. Barabara haimwulizi mwanamuziki kama ameweka mambo yake sawa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inazilinda kazi za mtunzi wa Tanzania maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake, wimbo unaweza kumsomesha mtoto hata mjukuu. Wewe unayetunga, je, umeziandikisha nyimbo zako COSOTA? Mkeo anajua ni zipi? Au umeziacha vichwani mwa wenzako wa bendi, na kwenye daftari lililo chini ya godoro? Nanyi watunzi wa kwaya, msidhani tumewasahau.

Basi, baada ya kusema mengi, tumeamua nini? Wale wawili waliofika ofisini hawakuuza gitaa. Walikaa mara tatu mbele yetu, wakaandika mapatano yao kwa mkono. Usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi ni wa bendi. Dominika yote ni ya nyumbani, naye mume amekubali kupungukiwa mgao wa siku hiyo. Jioni za Jumatatu hadi Alhamisi ndiye anayekagua madaftari ya shule. Mara moja kwa mwezi mke huenda kumsikiliza akipiga, na watoto hulala kwa bibi yao. Hatusemi kwamba machozi yamekwisha. Mke alituambia juzi kwamba bado kuna usiku anaoamka saa tisa na kukuta upande wa pili wa kitanda ni baridi. Lakini alisema pia kwamba siku hizi mumewe akiwa nyumbani, yupo.

Kama mpiga besi wa dansi ameweza, parokia ya Mungu itashindwaje? Kwa hiyo, kuanzia Dominika ya kwanza ya Majilio, kwaya zote za parokia yetu zitafanya mazoezi jioni mbili tu kwa juma, na saa mbili usiku taa za ukumbi zitazimwa. Jumatatu hakutakuwa na kikao chochote cha chama chochote, wala cha paroko. Mwenye mtoto mchanga hatakwenda safari ya kwaya bila mwenzi wake kuridhia. Tumeambiwa kwamba kwa njia hiyo hatutashinda mashindano ya dekania. Tutakubali kushindwa. Siku ya hukumu hatutaulizwa tulishika nafasi ya ngapi.

Na wewe baba, wewe mama, mwenye kinanda, ngoma, gitaa au sauti, hatukuombi uizike zawadi yako. Tunakuomba jambo ambalo ni gumu kuliko kuuza chombo: juma hili, kabla ya zoezi, mwulize mwanao yuko darasa la ngapi, mwalimu wake anaitwa nani, na wimbo gani anaupenda. Kisha toa chombo chako, keti sebuleni, umpigie huo.

Mtakatifu Sesilia, utuombee.

Familia Takatifu ya Nazareti, mtuombee.

Mungu awabariki nyote. Tukutane juma lijalo.